Mashine ya 40 kwenye mashua ya mita saba, ya nini?

Juzi shemeji yangu katuma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp: kila mwenye hisa kwenye mashua atoe mchango, tununue mashine ya 40, yaani ya nguvu za farasi 40. Halikuwa swali, lilikuwa tangazo, na picha juu: mashine imening'inizwa kwenye stendi ya mbao, imepigwa rangi mpya, chini yake vikaragosi vya moto na misuli. Haikupita muda, watu ambao mashua hiyo wanaiona sikukuu kwa sikukuu wakaanza kuandika "safi sana kamanda", "sasa ndio tunaongea". Nikauliza kwa heshima zote, shemeji, hii tuliyonayo ina kosa gani? Nikajibiwa neno moja: "Spidi."

Haya. Tuongee spidi.

Mashua yetu inalala Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam. Mbao, tanga moja, urefu mita saba na kidogo, ila sehemu inayokaa majini haizidi mita sita. Mashine ni ya 5, silinda moja, kongwe, na kwamba imechoka sibishi. Nitalifikia hilo. Ila kutoka 5 kurukia 40 ni jambo la mtu ambaye hajawahi kukaa tezi, kule nyuma kabisa ya chombo, akaangalia maji yanafanya nini.

Mashua haipandi juu ya maji kama zile boti za faiba za kupeleka watalii. Faiba ina tumbo bapa na ni nyepesi. Ukiipa moto inanyanyuka, inateleza. Mashua inapasua maji, na kila inapopasua inajitengenezea mawimbi: moja linainuka omo, yaani mbele ya chombo, jingine linafuata nyuma yake. Ukienda polepole mawimbi hayo ni mafupi, unayaona matatu manne ubavuni. Ukiongeza mwendo yanarefuka, yanaachana, mpaka inafika mahali wimbi moja lina urefu sawasawa na chombo: omo imeegemea kilima cha kwanza, tezi imeegemea kilima cha pili. Hapo ndipo mwisho wa barabara. Ukilazimisha zaidi, kilima cha pili kinabaki nyuma, tezi inakosa cha kuegemea inazama bondeni, omo inaangalia mbinguni, na kuanzia hapo chombo kinapanda mlima ambao kimejichimbia chenyewe. Hakifiki kileleni hata siku moja, maana mlima nao unasafiri.

Ukitaka hesabu, ipo na ni nyepesi. Chukua urefu wa sehemu iliyo majini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Ya kwetu inatoka 11. Kumi na moja! Mtu anayefanya mazoezi asubuhi pale Coco Beach anakwenda hivyo huku anaongea na simu. Na mambo haya hayakuanza jana. Mwingereza mmoja, William Froude, aliyachimbua miaka ya 1870 kwa kukokota vyombo vya mfano kwenye hodhi alilolijenga Torquay. Tangu hapo wenye pesa kuliko ukoo wetu wote wamejaribu kumbishia, na maji yamekataa.

Najua mtu atasema, mbona ngalawa inakimbia? Ngalawa ni nyembamba mno, wimbi inalolifanya ni dogo, na uthabiti wake inaupata kwenye mrengu, ule mti wa pembeni unaoelea, sio kwenye upana wa tumbo. Kwa hiyo inaikwepa ile sheria kwa kiasi chake. Mashua imejengwa ibebe mzigo, samaki, nyavu, shangazi na makontena ya pilau. Huwezi ukawa na tumbo la kubeba pilau halafu udai mwendo wa ngalawa.

Sasa ili kuufikia huo mwendo wa 11, mashua kama yetu, tani moja na nusu na watu wake, inahitaji farasi wangapi? Bahari ikiwa shwari, wanne mpaka sita. Ukiweka upepo wa usoni na mawimbi, zidisha mara mbili: kumi, tuseme kumi na mbili ukiwa mwoga. Wengine wote mpaka arobaini kazi yao ni moja tu, kuchimba shimo refu zaidi nyuma ya tezi. Na shimo hilo unalichimba kwa petroli. Ukiifungulia yote, mashine hizi za kuchanganya mafuta na oili zinakula kama nusu lita kwa kila farasi kwa saa. Lita ishirini, shemeji. Kwa saa. Subiri tangazo la bei za mafuta la EWURA la Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha uje uniambie tena habari ya spidi.

Nimeliona hili kwa macho, pwani ileile. Bwana mmoja alipachika 40 kwenye mashua ndogo kidogo kuliko ya kwetu. Watu wakajaa kushangaa, na mimi nikiwemo. Akaondoka taratibu, vizuri kabisa. Kufika pale kina kinapoanza akafungua yote. Kelele zikaongezeka, povu likaongezeka, mwendo ukabaki uleule. Tezi ikashuka, ikashuka, mpaka maji yakaanza kuingia pale alipopunguza ubao ili mashine ikae. Kijana wake akashika kidumu kilichokatwa akaanza kukumba, anakumba huku anamwangalia bosi wake kwa jicho ambalo ningelikuwa mimi bosi ningepunguza moto mara moja. Yeye aliongeza.

Na hapo hatujagusa ubao wenyewe. Mashine ya 5 ina uzito wa kilo ishirini hivi. Ya 15 ya kuchanganya oili ni kama kilo 36. Ya 40 inapita sabini, na zote zinaning'inia kwenye ubao wa tezi ambao fundi aliupigilia akijua utabeba kitu kidogo. Kila ukivuta moto, ubao unasukumwa. Kila ukipiga wimbi, unatikiswa. Kalafati, ile pamba ya kuzibia, inaanza kuachia kwenye viungo, mashua inavuja, halafu tunaitana kikao kumlaumu fundi kwamba alitia pamba kidogo. Tezi nzito pia inaharibu tanga, maana chombo kilichokaa kitako hakishiki upepo vizuri ukibisha, yaani ukienda kuukabili upepo. Lakini tanga, nimeambiwa, litaondoka. Ndiyo. Mpango kamili ni huo: mlingoti ung'olewe, lifungwe turubai la kivuli, viti viwekwe.

Hapa ndipo aliponipandisha presha.

Kutoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya ni kuelekea mashariki moja kwa moja, na kurudi ni magharibi. Kusi inavuma toka kusini-mashariki. Kaskazi inavuma toka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo ukirudi nyumbani, mwezi wa saba au mwezi wa kwanza, upepo upo nyuma yako, bega hili au bega lile. Mungu katupa njia ya kurudi bure mwaka mzima na sisi tunataka kuiondoa tuweke turubai! Kwenda ndiyo kazi, na hata kwenda, wavuvi wanaotoka alfajiri wanasukumwa na umande, ule upepo wa nchi kavu, wanakunja makasia wanakunywa kahawa. Sisi hatutoki alfajiri kwa sababu watu wanasubiri chapati. Sawa.

Lakini tuweke utani pembeni. Mashine ya baharini inazima. Maji yanaingia kwenye petroli, plagi inashika masizi, mfuko wa plastiki unajisokota kwenye propela au unaziba tundu la maji ya kupoozea, kamba ya kuwashia inakatikia mkononi. Ikizima una tanga, unapandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, unarudi umechelewa na unazomewa. Ikizima huna tanga, una turubai ambalo halikupeleki popote unapotaka ila linashika upepo vya kutosha kukupeleka usipotaka, na nje ya visiwa kuna mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima na unakaza zaidi wakati wa kusi. Kuna watoto kwenye mashua hiyo. Watoto wetu, shemeji. Mashine kubwa haimsaidii mtu ambaye mashine yake imezima, ina ukubwa wowote.

Sasa niseme ninalokubali, ingawa najua litapigwa picha na kurushwa kundini. Ya 5 haitoshi. Kwenda Mbudya na kaskazi imekaza, mashua imejaa watu, inafika mahali inalia tu na minazi ya ufukweni haisogei. Na siku tulipoipeleka kwa fundi Kigamboni, tukapita mbele ya lango la bandari, pantoni huku, meli ya makontena kule, nilitamani nguvu zaidi kidogo, na zaidi ya nguvu nilitamani rivasi inayoshika. Kwa hiyo kubadilisha tubadilishe. Tuchukue ya 9.9, au ya 15 kama roho zenu hazitatulia. Kwenye Yamaha za kuchanganya oili hizo mbili mwili wake ni mmoja, cc 246, uzito hautofautiani, kwa hiyo anayetaka kujisikia mkubwa achukue ya 15 na aendeshe nusu moto. Mwenye faiba ya kubeba abiria, yake ni mengine, anunue hata 85.

Ila kabla ya yote, propela. Mashine nyingi zinauzwa na propela ya boti nyepesi, zile za inchi 9 au 10, maana yake kila mzunguko mmoja inataka kusonga mbele inchi hizo. Kwenye mashua nzito haiwezi; mashine inabanwa, haifikii mizunguko yake, inatoa moshi, mtu anasema haina nguvu. Weka ya inchi 7 yenye panga pana, uone mashine ileile inavyobadilika tabia. Na mguu, ule unaoshuka majini na propela: uwe mrefu, wa inchi 20, sio wa 15. Mguu mfupi kwenye mawimbi ya kusi unachomoka majini kila tezi inapoinuka, propela inazunguka hewani, mashine inapiga kelele za kuomba msaada. Pesa ya kubadilisha hivi ni ndogo sana ukilinganisha na mchango tulioombwa. Na tumbo la mashua lipanguliwe ukoga na magamba, jamani, lile tumbo sasa hivi ni shamba.

Halafu kuna kitu ambacho wenye kuandika "safi sana kamanda" hawakijui kwa sababu huwa wameshapanda gari. Mashine hailali majini. Ukiiacha, asubuhi unakuta ubao mtupu na bolti zimewekwa vizuri kando, mwizi mstaarabu. Kwa hiyo jioni inafunguliwa inabebwa. Bamvua, siku za maji makubwa, hapa maji yanashuka mita tatu na zaidi. Ukichelewa kurudi, mashua inakaa mchangani mbali huko, na kutoka pale mpaka kibandani ni tope la kufika kwenye vigimbi, nyasi za bahari, na visu vya chaza usivyoviona. Ya 5 naibeba begani peke yangu. Ya 15 anaibeba kijana mwenye nguvu, kwa kujikongoja, akiteremsha kifuniko cha mashine kifuani ili mguu usimpige kisogoni. Ya 40 ni ya watu wawili na mti, na mmoja akiteleza wanateleza wote na mashine inakunywa maji ya chumvi. Shemeji ana mgongo, ameuambia ukoo mzima kwamba ana mgongo.

Mchango wangu nitautoa, lakini wa 9.9 au 15, mguu mrefu, na propela ya kazi. Kitakachobaki kinunue jaketi za kuokolea maisha, tena saizi za watoto, maana zilizopo mtoto anazama ndani ya jaketi kabla hajazama baharini. Na kama tunanunua iliyotumika, naomba tusinunue picha. Niende mimi na fundi. Tutaichomeka kwenye pipa la maji, tuangalie kile kitundu cha nyuma kinakojoa maji ya kupoozea mfululizo au kinadondosha. Tutafungua plagi tuone rangi yake. Tutaomba risiti ya aliyeinunua kwanza. Na tutafika bila kupiga simu, kwa sababu muuzaji akijua mnakuja anaiwasha mapema, mnaikuta ina joto, inashika kwa mvuto mmoja, mnalipa. Kesho yake asubuhi mnavuta kamba mpaka mnavua mashati.