Patrick Henry aliutazama mlango mmoja tu

Juni 1788, mjini Richmond, wajumbe wa Virginia walikutana kuijadili Katiba mpya ya Marekani. Patrick Henry, mjumbe aliyeipinga, akasimama na kuuliza: nani aliwapa waandishi wake ruhusa ya kusema "Sisi watu" badala ya "Sisi majimbo"? Mfalme wa Uingereza ametolewa juzi tu, na leo inaletwa serikali kuu yenye kodi yake, jeshi lake na mahakama zake, bila orodha ya haki za raia. Mtu mwenye kovu la moto hawezi kulaumiwa akiogopa jivu.

James Madison, mmoja wa waandishi wakuu wa Katiba hiyo, alimjibu kwa sauti ndogo mno, hata karani wa kikao akaandika kwamba hasikiki. Hoja yake ilisikika: chini ya mkataba wa 1781, uliounganisha majimbo kabla ya Katiba hiyo, Bunge la Muungano halikuweza kutoza kodi, liliomba tu. Wakulima wa Massachusetts wakiongozwa na Daniel Shays walipofunga mahakama kwa sababu ya madeni, 1786, Bunge halikuwa na fedha za jeshi. Matajiri wa Boston ndio waliochanga.

Uasi huo hutajwa kila mara kuitetea serikali kuu. Mimi nauona kwa jicho jingine: waliowabana wale wakulima hawakuwa watawala wa mbali. Lilikuwa bunge la jimbo lao wenyewe, likidai kodi kwa fedha taslimu ambayo hawakuwa nayo. Naye Henry, mmiliki wa watumwa, alionya kikaoni kwamba Bunge la Muungano lingeweza kuwaachia huru. Uhuru wa jimbo ulikuwa pia uhuru wa kumiliki watu.

Katiba ilipita kwa kura 89 dhidi ya 79. Hata hivyo hofu ya walioshindwa ilizaa marekebisho 10 ya 1791, yaani orodha ya haki za raia, tena kwa kalamu ya Madison, aliyewahi kuyadharau matamko ya aina hiyo. Alitaka pia majimbo yafungwe yasiingilie dhamiri, magazeti na mabaraza ya wazee wa mahakama. Seneti ikakifuta kifungu hicho.

Mwaka 1833 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dai la John Barron, mwenye gati huko Baltimore, aliyetaka fidia kwa kutegemea marekebisho hayo: kazi za barabara za jiji zilikuwa zimejaza mchanga gatini, meli hazifiki. Jaji Mkuu John Marshall, aliyekuwa mjumbe kule Richmond upande wa Madison, akamwambia haki zile zinaibana serikali kuu peke yake. Barron akarudi kwenye mchanga wake.