Namba Nne: Mjomba Asipewe Nafasi

Kwenye ukoo wetu, wakishajua unafanya kazi ya ofisini, basi wewe ndiye katibu wa kila kitu: misiba, harusi, mpaka ugomvi wa ukuta wa choo. Mdogo wangu alipopata mchumba Tanga, hakuna aliyeniomba. Shangazi alipiga simu tu: "Baba, tupangie kikao cha ndani kabla hatujaenda kutaja mahari. Watu wajue siku na saa."

Nikaamua kuwa wa kisasa. Nikafungua kalenda ya simu.

Hofu yangu yote ilikuwa kwenye saa. Mwaka uliopita niliandika kikao cha saa nne asubuhi kama 4:00, simu ya Baba Mkubwa ikalia saa kumi alfajiri, akaamka kadhani kuna msiba. Alishaanza kutafuta koti. Kwa hiyo safari hii nikaandika 10:00, nikahesabu na kwa vidole, nikakagua hata eneo la saa. Kalenda ikasema Nairobi. Niliguna kidogo, lakini Dar na Nairobi tuna saa moja, GMT+3, nikaisamehe.

Kwenye maelezo nikaweka ajenda, maana katibu bila ajenda ni mlinzi tu:

"1. Watataja milioni tatu. Tushangae.
2. Tuanze na laki nane.
3. Mwisho wetu milioni mbili. Wasijue.
4. Mjomba asipewe nafasi ya kuongea."

Sasa waalikwa. Nikaandika "Baba M", simu ikanimalizia, nikabonyeza. Kwenye simu yangu yuko Baba Mdogo wa Mbagala, na yuko Baba Mdogo wa Bi Harusi, ambaye siku mbili nyuma nilikuwa nimemwandikia barua pepe ya adabu kubwa kuulizia siku ya kufika kwao. Simu ilimkumbuka huyo. Na Mjomba mwenyewe nilimwalika vilevile. Sijui nilifikiri hajui kusoma.

Jioni nikiwa nakula chipsi mayai, simu ikatetemeka: "Baba Mdogo wa Bi Harusi amekubali mwaliko." Kipande cha chipsi kilibaki hewani kwenye kijiti mpaka kikadondokea kachumbari.

Nikafungua mbio, nikafuta maelezo yote, nikahifadhi. Kalenda ikaniuliza kama nataka kuwajulisha waalikwa kuhusu mabadiliko. Kidole, kwa kiherehere chake, kikasema ndiyo. Yaani mzee ambaye huenda alikubali bila kusoma mpaka chini, sasa alitumiwa barua ya pili ya kumwambia kwamba kule chini kulikuwa na kitu. Ile ya kwanza bado anayo.

Nikapiga simu. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona mmezifuta? Mimi nimeshazichapa."

Nyumbani sikusema neno. Najua, najua. Lakini wewe ungeanzia wapi kumwambia Shangazi?

Siku ya siku tukafika Tanga, tukakaribishwa mkekani, kahawa ikazunguka. Wenyeji wakataja milioni tatu. Shangazi akashangaa kama tulivyokubaliana, mkono kifuani, "Yallah!" Wazee wakamtazama kwa upole, kama watu waliokuja kuona maigizo ya shule. Mshenga wetu akakohoa, akaanza kwa maneno ya kuzunguka, mvua hazijanyesha, mambo magumu, ndipo akafika: "Sisi wenzenu tumejikusanya tukapata laki nane..."

Mzee akavaa miwani. Akatoa mfukoni mwa kanzu karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua taratibu, kunjo kwa kunjo.

"Mshenga, hiyo ni namba mbili. Tuiruke, jua linakwenda."

Mshenga akanigeukia. Mimi nilikuwa nahesabu viatu mlangoni. Vilikuwa jozi 17 na ndala moja isiyo na mwenzake.

"Namba tatu hatuna neno nayo," mzee akaendelea. "Sasa hii namba nne. Mjomba ni nani hapa? Karibu baba, zungumza. Kwetu hakuna anayezuiwa."

Mjomba alikuwa hajaitikia salamu yangu wiki nzima. Akasimama, akaweka kofia sawa, akanikata jicho.

"Ati mwisho wetu milioni mbili! Nani kasema sisi tuna mwisho? Andikeni mbili na nusu!"

Vigelegele vililipuka huko ndani kabla mshenga hajameza mate.

Ile laki tano ya juu nikabebeshwa mimi, katibu. Kila tarehe 5 kalenda inanikumbusha kutuma elfu hamsini. Mwalikwa ni mimi peke yangu. Nimekagua mara tatu.