Data 70: herufi za mashine ambazo mashine haizisomi

Tazama mstari wa tarakimu ulio chini kabisa ya hundi: 1 ina kisigino kinene, 8 imevimba upande wa chini. Uvimbe huo una kazi. Mtindo huo unaitwa E-13B, na mabenki ya Marekani yaliukubali mwishoni mwa miaka ya 1950. Tarakimu zake huchapwa kwa wino wenye chembe za chuma. Zikipita kwenye mashine, kila moja hutoa mawimbi yake ya sumaku kulingana na unene wa mistari yake, hata kama mtu amegonga muhuri juu yake. Mtindo mzima una tarakimu 10 na alama 4 za kibenki, basi. Herufi hauna.

Herufi zilikuja kutungwa na wabunifu. Mwaka 1970 mbunifu Bob Newman alitoa fonti ya Data 70 kupitia Letraset, kampuni ya Uingereza iliyouza karatasi za herufi za kusugua, yaani herufi zinazohamia kwenye kazi yako ukizisugua. Aliuchukua uvimbe ule akaupandikiza kwenye alfabeti nzima, na tangu hapo aliyetaka bango lake linukie kompyuta alijua pa kukimbilia.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Unene uliokuwa na sababu kwenye hundi umegeuka pambo. Mashine ya benki haiitambui fonti hii, na binadamu naye anahangaika, maana D, O na 0 zote zinakaribia kuwa visanduku. Kwa Kiswahili shida inazidi, kwa sababu maneno yetu ni marefu na yamejaa m, n, w na u. Andika "wanamuziki" kwa Data 70, kisha rudi nyuma hatua chache: macho yanakutana na safu ya nguzo nene kabla ya kulipata neno.

Hata hivyo, siafiki kwamba umbo lililopoteza kazi yake ni la kutupwa. Herufi nyingi za vitabuni bado zina sehemu nene na nyembamba zilizorithiwa kutoka kalamu bapa, na hakuna anayezilalamikia. Data 70 nayo imebeba kipindi chake, enzi kompyuta ilipokuwa mali ya benki na serikali, ikiogopwa na kutamaniwa kwa pamoja. Kwa bango la muziki wa elektroniki au jina la mchezo wa video, sioni fonti nadhifu ya leo inayoweza kuleta hisia hiyo kwa haraka kiasi hicho.

Kinachonisumbua ni kuikuta kwenye tangazo la huduma mpya ya fedha kwa simu. Pale inamwambia mteja habari za 1970 wakati mwenye huduma anadai kuleta kesho. Ningeiruhusu kwa neno moja au mawili mafupi, yakiwa makubwa na yenye nafasi ya kutosha kati ya herufi. Kwenye bango la onyesho, tarehe, bei na namba ya simu ziandikwe kwa fonti ya kawaida, kwa sababu anayesoma 8 akidhani ni B hatafika ukumbini.