811 haijui bomba lako la sprinkla

Jumamosi nimeamka saa mbili nikakuta mbele ya nyumba pamekuwa bwawa, jirani kasimama ananiangalia kama nafuga kambare. Mafundi wa faiba (nyaya za intaneti) walichimba pale kando ya barabara Ijumaa, wakakata bomba langu la sprinkla (la kumwagilia majani), wakafukia, wakasepa. Nampigia msimamizi wao ananijibu eti halikuwa na alama.

Na kinachoniuma ni kwamba yuko sahihi. Nusu.

Maana sisi wa huku Texas tunajua ukipiga 811, namba ya kuita watu waje kuonyesha mabomba na nyaya za chini kabla hujachimba, ni bure, unasubiri siku mbili za kazi, majani yanapakwa rangi, nyekundu umeme, njano gesi, chungwa simu na intaneti, bluu maji, basi tunalala usingizi. Jamani, wale wanaonyesha vitu vya mashirika, na mara nyingi wanaishia kwenye mita! Kilichopita mita ni chako, iwe sprinkla, waya wa umeme wa gereji au ile gesi ya jiko la kuchomea nyama (hiyo ndo itakuja kuua mtu). Na hata wangetaka kukusaidia, PVC ni plastiki, mashine yao inanasa chuma na waya. Mimi ilibidi nilete fundi, akaunga kifaa chake kwenye nyaya za valvu (zile zinazofungulia maji) pale kwenye boksi la taima inayowasha sprinkla, akawa anatembea na kijiti kinalia mpaka akafukua valvu ambayo mwenye nyumba wa zamani aliizika kama anaficha deni. Kutoka kwenye valvu kwenda mbele hakuna waya, hapo unafungulia zoni moja moja, yaani kila sehemu yenye valvu yake, na kila kichwa cha sprinkla kinachochomoza unakichomekea kibendera.

Ila 811 pigeni, sibishani. Shemeji alikodi mashine ya kuchimba mtaro, namwambia tupige simu ananiambia "shem, mimi nimeshika jembe tangu la tatu." Tukapiga. Mstari wa njano ukapita palepale alipotaka kuweka valvu. Akanyamaza, akachukua koleo, maana inchi 18 kila upande wa bomba unatakiwa uchimbe kwa uangalifu.

Na kama ndo unafunga mpya, laza waya pamoja na bomba na upige picha kabla ya kufukia, futi ya kupimia ionekane. Dakika tano hizo!

Jumatatu wale mafundi wanarudi kumalizia. Nimechomeka vibendera 14, jirani kaniuliza kama tuna harusi.