Mzigo mpya unashuka wiki ijayo

Mlandege, mjini Unguja, kuna kijana anauza laptopu za mtumba kutoka Dubai. Mwaka jana aliponzwa na ulimi wake. Kila aliyeingia dukani akashika mashine, alimwambia: "Subiri kidogo ami, wiki ijayo unashuka mzigo mpya, hizi utazisahau." Alidhani anatangaza biashara. Watu wakasubiri kweli. Mzigo ukachelewa zaidi ya mwezi, zile za dukani zikala vumbi, na aliyemkopesha mtaji akawa anakuja kila jioni kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, hasemi kitu.

Wenye viwanda vya kompyuta kisa hiki wanakijua. Adam Osborne alitikisa soko 1981 kwa kompyuta ya kubebeka ya dola 1,795. Mwaka 1983 akaanza kusifia mashine zijazo kabla hazijawa tayari, wenye maduka wakaacha kuagiza ya zamani, na Septemba kampuni ikafilisika. Wanaosema kampuni ifunge mdomo hutolea mfano hapo. Mimi siumezi mzima mzima. Kaypro, mashine ya mshindani wake, ilikuwa tayari sokoni kwa bei ya chini, na kioo cha inchi 9 mbele ya inchi 5 za Osborne. Hata bwana yule angenyamaza, Kaypro isingenyamaza.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha HP. Tarehe 18 Agosti 2011, ikiwa ya kwanza duniani kwa mauzo ya kompyuta, ilimwaga mambo matatu kwa mpigo: inaacha TouchPad, tableti yake iliyokuwa na wiki saba tu sokoni, inainunua Autonomy, kampuni ya programu za kompyuta ya Uingereza, kwa zaidi ya dola bilioni 10, na inafikiria kukitenga kitengo chake cha kompyuta. Siku ya pili hisa zikaporomoka asilimia 20. Kwangu mimi, lililochoma ni hilo "inafikiria". Huuzi, huachi, unafikiria! Ofisi inayotaka mashine 500 itaagizaje kwako? Mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu, Léo Apotheker, akaondolewa, na Oktoba mrithi wake, Meg Whitman, akatangaza kuwa kompyuta zinabaki.

Tumtendee haki Apotheker: wazo lenyewe halikuwa la kichaa. HP ilikuja kujigawa mapande mawili 2015, kompyuta zikaenda pande moja. IBM nayo iliachana na kompyuta zake, lakini ilipotoka kusema, Desemba 2004, mnunuzi, Lenovo ya China, alikuwa keshapatikana.

Basi si bora kukaa kimya mpaka kila kitu kiive? Muulize mkulima wa karafuu Pemba, msimu ukikaribia bei haijatajwa: uvumi nao hupanga bei yake. Tarehe 2 Januari 2019 Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, aliandika barua kwamba mapato ya kampuni ya robo mwaka yatakuwa dola bilioni 84, si 89 hadi 93 kama alivyoahidi. Kesho yake hisa zikashuka karibu asilimia 10. Mpaka Desemba zilikuwa zimepanda zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka uanze. Sisemi barua ndiyo iliyozipandisha. Nasema habari mbaya yenye tarakimu hulipiwa mara moja.

Ugumu wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa ni kwamba mteja na mwekezaji wanasikiliza redio moja. Marekani, tangu 2000, kanuni inazuia kumnong'oneza mwekezaji mmoja jambo zito huku wengine hawajui. Unachomwambia mwenye hisa ili atulie, mnunuzi anakisikia na kuahirisha kununua. Ndiyo maana naona kosa la HP halikuwa kusema mengi. Ilisema kabla ya kuamua.

Kijana wa Mlandege hana kanuni hiyo shingoni. Juzi nilimuuliza mzigo mwengine unashuka lini. "Ukishuka utauona," akanijibu, huku anapangusa vioo. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Mwenye pesa, aliniambia kwa sauti ya chini, keshaonyeshwa karatasi za meli.