Furu wana majina yao jamani

Juzi nilikuwa mwaloni huku Mwanza nikamkuta jamaa anatunga furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye ndoano za kuvulia sangara, ndoo imejaa, na humo ndani kulikuwa na dume mmoja bado anatweta, mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavu wa njano una michirizi myeusi inashuka toka juu hadi tumboni. Nikaomba nimshike kidogo. Dakika chache tu wekundu ukaanza kumtoka, namwona kabisa unafifia mkononi kwangu, mpaka akawa wa kijivu kama wenzake. Namuuliza jamaa huyu anaitwaje, ananiambia furu. Na huyu mwenye pezi la bluu? Furu.

Hapo ndo panaponiuma. Sato tunamjua vizuri maana tunamla, lakini furu ni ukoo mmoja na sato, na Ziwa Victoria lilikuwa na aina kama 500 za furu ambao karibu wote hawapo kwingine popote duniani, halafu sisi wenye ziwa tumewapa jina moja wote na kazi moja, chambo.

Yule mwekundu kwa wanasayansi anaitwa Pundamilia nyererei. Ndio, Nyerere wetu, alipewa jina la Mwalimu mwaka 1985, na hilo la pundamilia limetokana na ile michirizi. Mzungu wa Uholanzi akimtaja huyu samaki anaongea Kiswahili, sisi tunasema "hao furu tu".

Na hizo rangi wala siyo urembo wa bure. Majike wa yule mwekundu na wa ndugu yake ambaye dume lake ni la bluu wanafanana sana, wote wamefifia fifia tu, na jike anamchagua dume kwa kumwangalia rangi. Sasa maji yakichafuka, udongo wa mashamba na maji taka yanaingia ziwani, mwanga haupenyi, jike haoni tena nani mwekundu nani wa bluu, anazaa na yeyote. Mtafiti wa samaki Seehausen na wenzake waliandika hili mwaka 1997, kwamba kwenye maji machafu aina zinachanganyika na rangi zenyewe zinapooza. Yaani samaki anapotea bila hata kuvuliwa! Tumezoea kumlaumu sangara peke yake, na kweli miaka ya 1980 alifyeka furu vibaya mno, ila tope ni letu sisi wenyewe.

Nenda Ziwa Tanganyika nako uone maajabu ya ukoo huu. Kuna wadogo wa sentimita tatu nne wanaoishi na kuzalia ndani ya makombe matupu ya konokono, na kuna kuhe, jitu la ukoo huohuo linalopita nusu mita. Kuna mwingine chakula chake ni magamba ya wenzake na mdomo wake umepinda, aliyepinda kulia anavizia kwa nyuma anang'ata ubavu wa kushoto, aliyepinda kushoto anang'ata kulia. Ziwa Nyasa yupo anayejilaza chini kama mzoga, vidagaa vikisogea kudonoa anavikamata.

Mjerumani anayefuga hawa kwenye tangi la kioo sebuleni kwake atakutajia Ikola, kijiji cha huko Katavi, sababu kuna samaki mweusi mwenye mkanda wa njano anayetoka mawe ya pale. Mtoto wa Ikola mwenyewe amefundishwa habari za samaki huyo shuleni? Mimi naona kila mwalo ungewekewa bango kubwa lenye picha za furu wa mawe ya jirani, za rangi, majina chini yake, na kwa kuanzia wavuvi wenyewe waulizwe, maana wazee wengine wa visiwani wanawatofautisha kwa kuwaangalia tu.

Na wewe ukipita mwaloni ukakuta ndoo ya chambo, chungulia mapema kabla hawajafa, baada ya hapo rangi huioni tena.