Gari la Rangi Tatu

Doa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya choroko. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayeliona gari langu hudhani nilipinduka nalo, au limeokolewa kwenye moto. Sikupinduka. Nilifuta doa.

Gari ni Toyota IST, nililinunua Dar mwezi wa Novemba. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Mtwara mjini, na mshahara wa mwalimu haununui gari, unalizungukazunguka tu. Nililizunguka miaka 3, mwisho nikachukua mkopo nikapanda basi. Muuzaji akanipa miadi ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilipofika gari lilikuwa ndiyo kwanza limetoka kuoshwa, maji yanachuruzika, taa za yadi zinalimulika kwa juu. Jeusi tii. Lilimeremeta kama bibi harusi aliyetoka kusingwa.

Leo ukiniuliza nitakwambia gari likiwa limelowa halina kovu, kwa sababu maji yanajaa kwenye mikwaruzo na kuifunika yote, na jioni ndiyo saa ya kununulia samaki, si gari. Siku ile nilijiona mjanja kwa kuwa niliikagua kadi ya gari. Namba ya chesesi, sawa. Namba ya injini, sawa. Mwaka, sawa. Mstari wa rangi nikauruka. Rangi ya nini kuisoma, si naiona kwa macho?

Asubuhi nikaianza safari. Nikapita Mbagala Rangi Tatu bila kujua kwamba nasomewa utabiri. Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Mingoyo, zaidi ya kilomita 550, nami naendesha kama nimebeba mayai. Nikaingia mtaani usiku, nikapiga honi mbili ambazo hazikuwa na kazi yoyote barabarani. Majirani wakatoka. Mama watoto akalizunguka na tochi ya simu akasema, "Hongera, baba watoto." Ile ndiyo hongera ya kwanza na ya mwisho ambayo gari lile limepata.

Kulipokucha, jua likalipiga ubavuni. Jua la Mtwara la Novemba halijui kutunza siri ya mtu. Boneti nzima ilikuwa na vimikwaruzo vya duara, kama buibui amefuma utando akasahau kunasa nzi. Ubavuni rangi ilikuwa na vinundu vinundu kama ganda la chungwa. Kwenye paa kulikuwa na mahali pamebenjuka kama gamba la changu. Niliyaona yote, nikayasamehe. Mtu mwenye mkopo ana moyo mkubwa sana.

Kosa langu lilikuwa kivuli. Uani kwetu kivuli kiko kimoja tu, cha mkorosho wa babu jirani yetu, ambao matawi yake yamevuka ua bila kuomba ruhusa. Mama watoto aliniambia nisiliegeshe pale, msimu wa mabibo huu. Nikamjibu kwamba jua linapausha rangi. Nilimjibu kisayansi. Siku ya tatu nikiwa nakunywa chai nikasikia: pu!

Bibo lililoiva, jekundu, na korosho yake mkiani, lilikuwa limepasukia katikati ya boneti. Nikalitoa, nikamwaga maji, nikafuta. Likabaki lile doa la choroko, la kahawia. Babu akachungulia juu ya ua.

"Doa la bibo hilo, mjukuu wangu. Halitoki mpaka msimu wake uishe. Liache."

Aliyewahi kumwagikiwa maji ya bibo kwenye shati jeupe anajua babu haongei porojo. Lakini mimi nimesomea kemia. Nitaambiwaje na mtu kwamba doa lina msimu?

Nikaanza na sabuni ya maji. Doa likatulia. Mwalimu mwenzangu akanipigia simu, dawa ya meno, anasema, ina chembechembe laini za kusugulia, inatoa hata mikwaruzo. Hilo ni kweli, inasugua. Nikapaka, nikasugua kwa fulana ya zamani, nikageuza fulana kutazama. Nyeusi!

Sasa msomaji, wewe una akili timamu na hujakopa. Ukisugua gari jeusi, kitambaa kikatoka cheusi, unafikiri nini? Mimi nilifurahi. Nikamwita mama watoto: "Njoo uone uchafu wa Dar unavyotoka!"

Nikasugua kwa bidii mpya. Doa likafifia kidogo. Kidogo haikunitosha, nikamtuma mpwa wangu anayekaa kwetu akaninunulie thina, chupa ya nusu lita. Na hapa naomba wanafunzi wangu wasisome. Darasani huwa nawaambia hivi: rangi ya kiwandani huokwa kwa joto, ikishakauka imeshikana kuwa kitu kingine, thina ikipita juu yake haraka haiing'oi. Ila ile rangi ya bei nafuu ya kupuliza mtaani inakauka kwa thina yake kuruka tu. Thina ikirudi, rangi nayo inarudi kuwa uji. Mambo hayo nayafundisha, na nimeyatungia hata mtihani. Jumamosi ile nililoweka fulana kwenye thina kama mtu asiyejua herufi, nikaibandika juu ya doa, nikazungusha mara tatu.

Nilipoinua mkono, doa lilikuwa limetoka. Limeondoka na rangi yote iliyolizunguka. Katikati ya boneti kulikuwa na mwezi wa ukubwa wa sahani ya wali, unang'aa, wa silva.

Mwanangu wa mwisho, ana miaka 6, akasogea akautazama kwa makini.

"Baba, ndani ya gari kuna gari lingine."

Nikafungua boneti nikakitafuta kile kibati cha Toyota chenye namba ya rangi. Nyeusi ya kawaida ya Toyota ni 202, hilo nalijua kwa kuwa niliulizia kwenye duka la rangi baadaye, nikiwa nimeshachelewa. Pale haikuwepo 202. Nikakimbilia ndani nikafungua kadi. Mstari wa rangi, ule ule niliouruka: SILVER. Herufi kubwa, wino mweusi, haujafutika hata kidogo.

Uani nako mambo yalikuwa yanaendelea bila mimi. Mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, alichukua thina iliyobaki akafuta kipande cha mlango wa nyuma ili tulinganishe. Ikatokea nyeupe. Mlango ule haukuzaliwa na gari lile, ulichukuliwa kutoka gari jingine, marehemu sijui alifia wapi. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walishaingia, mmoja akiwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Hiyo mbinu ni ya kweli na ninaiheshimu: bati linanasa sumaku, puti, ule udongo wa fundi wa kuzibia mabonde ya bati, hainasi. Wakaiweka kwenye paa, ikanasa, wakashangilia. Kwenye mlango, ikanasa. Kwenye ubavu juu ya gurudumu la nyuma ikateleza taratibu kama mtu anayetafuta pa kukaa, ikaanguka mchangani.

"Puti!" wakasema wote.

Wakaenda kwenye bampa ya mbele. Haikunasa kulia, haikunasa kushoto, haikunasa katikati. Mwenye sumaku akaniangalia kwa huruma.

"Ticha, pole sana. Bampa lako lote ni puti."

Nikawaeleza kwamba bampa ni plastiki, magari yote ya aina hii yako hivyo. Hakuna aliyenisikiliza. Mtu aliyefuta rangi ya gari lake kwa mkono wake hana mamlaka tena ya kufundisha. Kabla ya adhuhuri jina lilikuwa limeshapatikana, na kwa kuwa hakuna mtu wa Kusini aliyesafiri kwa basi asiyekijua kile kituo cha Mbagala, jina lilishika mara moja. Rangi Tatu. Nikipita sokoni makonda wananiita kama abiria: "Rangi Tatu, Rangi Tatu, bado mmoja!"

Wiki mbili baadaye tulialikwa harusi Mikindani. Nilitaka tupande bajaji, mama watoto akakataa, akasema deni analilipa yeye kwa kula dagaa kila siku, kwa hiyo gari atalipanda. Njiani trafiki akanyoosha mkono. Akaomba leseni, nikampa. Akaomba kadi, nikampa huku mate yamenikauka. Akaisoma yote, tofauti na mimi.

"Mwalimu, kadi inasema silva."

"Ndiyo, afande. Silva ipo." Nikashuka nikamwonyesha boneti.

Akautazama ule mwezi. Akazunguka nyuma, akauona mlango. Nikaona mdomo wake unapigana na kicheko, na kicheko kinaelekea kushinda.

"Silva hii ni sahani moja tu. Gari likibadilishwa rangi, taarifa inapelekwa TRA, kadi inabadilishwa. Au ulirudishe kwenye rangi ya kadi. Chagua moja."

"Nikienda TRA, afande, nitajaza rangi gani?"

Hapo kicheko kikashinda. Akageuka upande wa bahari mpaka kilipoisha, akaniruhusu kwa onyo. Harusini nililiegesha nyuma ya jengo, upande wa mwezi umeelekea ukutani. Mama watoto alishukia mbali akatembea.

Nilimpigia muuzaji. Akaniuliza kwa upole kama gari linatembea. Nikasema linatembea. Akasema basi, yeye aliuza gari, hakuuza rangi. Niliitafakari kauli hiyo siku nyingi na mpaka leo sijaipatia jibu.

Msimu wa mabibo ukaisha, doa la babu halikuwepo tena la kuthibitisha lolote. Nikaweka akiba kidogo kidogo mpaka Julai, nikapata 700,000 ya fundi mmoja mwenye sifa, gereji yake iko nje ya mji, njia ya kwenda Naliendele. Fundi yule ni msanii. Alilitazama gari dakika nzima bila kusema, kisha akapitisha kucha pale paani palipobenjuka, ganda likatoka jembamba kama la kitunguu. Akanieleza yaliyompata marehemu silva: klia, ule utando angavu wa juu ya rangi, ilianza kuchubuka kwa jua, mtu akaona uvivu kuing'oa, akaipulizia nyeusi juu yake ili auze haraka. Rangi iliyopakwa juu ya klia inayobanduka inabanduka nayo.

Alifanya kazi siku 6. Akakwangua nyeusi yote, akatoa puti ya zamani iliyokuwa nene kama chapati, akanyoosha bati kwa nyundo, akaweka puti yake nyembamba, praima, msasa wa maji mmoja baada ya mwingine huku akifumba macho na kupapasa kwa kiganja, maana, anasema, jicho linadanganywa na maji lakini kiganja hakidanganyiki. Nilitamani ningekuwa na kiganja hicho kule yadi. Siku ya sita akaniambia nije alfajiri. Gereji yake ni ya wazi, haina chumba cha kupulizia, na ifikapo saa tatu asubuhi kusi inavuma na kuleta vumbi. Alfajiri hewa imetulia.

Nilifika kukiwa na kigizagiza, babu yuko kiti cha nyuma cha bodaboda iliyonifuata. Aliniomba aje aone, alisema gari lile amelifuatilia tangu utoto wake. Kompresa ikaguruma. Silva ikashuka kwenye bati laini kama ukungu. Fundi akasubiri, akapiga klia ya kwanza, akasubiri, akapiga ya pili. Jua lilikuwa linachomoza, na niliona uso wangu kwenye mlango ambao sasa ulikuwa wa familia moja na milango mingine. Nusura nilie. Klia mbichi inanata kama asali, kwa hiyo hakuna aliyesogea. Hata babu alikohoa akielekea pembeni.

Ndipo tukasikia mashine nyingine ikiguruma, haikuwa kompresa.

Ng'ambo ya uzio kulikuwa na shamba la mikorosho, mikorosho inachanua, na mwenye shamba alikuwa na mashine mgongoni. Julai ndiyo mwezi wa kupuliza salfa, ule unga wa njano wa kukinga mikorosho na ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga unate, na hewa imetulia. Sababu ile ile ya fundi, neno kwa neno.

Fundi alipiga kelele. Mimi nilipunga mikono yote miwili. Mwenye shamba, masikio yamejaa mlio wa mashine, akatupungia naye kwa furaha, akageuka na bomba lake. Wingu la njano likapanda juu ya uzio, likasimama kidogo hewani kama linalochagua, likatushukia taratibu.

Fundi akakaa chini kwenye ndoo ya puti. Gari lilikuwa la njano kuanzia paa mpaka taa za mbele, unga laini umezama kwenye klia kama iliki kwenye maandazi. Hakuna aliyesema neno. Babu akasogea, akainama, akalikagua ubavu mzima kama anavyokagua mikorosho yake, kisha akanishika bega.

"Usihuzunike, mjukuu wangu. Mwaka huu gari lako haliugui ubwiriunga."